Matambara ya Ebedmeleki na Kibodi Zetu Kuukuu

SOMO LA NYUMBANI NA LA VIKUNDI VYA MITAA
Someni kwanza: Yeremia 38:1–13, Yoshua 9:3–15, Malaki 1:6–8

Somo la mwezi huu limetoka katika kosa letu wenyewe, kwa hiyo mtusomee kwa uvumilivu.

Mnajua kwamba darasa la kompyuta la vijana lilipopata laptopu, zile kompyuta za mezani za zamani zilikufa moja baada ya nyingine. Maboksi yake alichukua fundi. Vikabaki vipanya na kibodi, vimerundikwa stoo kando ya ngoma za kwaya, na panya wa kweli wakazaa humo humo. Kamati ikasema: tuwape ndugu zetu wa kanisa tawi upande wa pili wa bonde, maana nao wameanzisha darasa lenye kompyuta tatu. Neno hilo likapendeza wote. Tukajaza magunia mawili, kibodi 22 na vipanya 30, tukayaombea, na vijana wanne wakayabeba kichwani kwa zamu, mwendo wa saa tatu, wakiimba.

Baada ya majuma mawili mwalimu wa kule akatuandikia barua. Hakulalamika. Alishukuru kwanza, kwa maneno mengi, kama tulivyozoea sote kushukuru tukiwa wageni katika nchi ya watu. Kisha akauliza kama lipo gunia lingine, kwa sababu katika yale mawili amepata kibodi 4 zinazoandika na vipanya 6 vinavyotembea. Vilivyosalia hakujua avitupe wapi. Vilikuwa zawadi ya kanisa, naye aliona haya kutupa zawadi ya kanisa.

Barua hiyo ilisomwa katika kamati na hakuna aliyejibu upesi. Maana sisi wenyewe tulikwisha kutendewa hivyo. Miaka ya nyuma tuliletewa katoni kubwa kutoka mbali, tukaifungua kwa nyimbo, tukakuta waya zilizokatwa, vipanya visivyo na mpira wake, na kibodi iliyomwagikiwa kitu kitamu mpaka sisimizi wamefanya makao. Tuliujua uchungu ule. Hata hivyo tukawapelekea wenzetu uchungu huo huo, magunia mawili.

Aliyekumbuka makwapa

Tukatafuta katika Biblia habari za kutoa vitu vilivyochakaa, tukakuta hakuna mfano mzuri kama wa Ebedmeleki.

Nabii Yeremia alitupwa katika shimo la Malkiya, katika uwanja wa walinzi huko Yerusalemu. Shimo halikuwa na maji, lilikuwa na matope, naye akazama matopeni. Mji ulikuwa umezingirwa na mkate ulikuwa unakwisha. Mtu aliyesikia habari yake na kwenda kumtetea mbele ya mfalme Sedekia hakuwa mwenyeji. Alikuwa Mkushi, mtu wa nchi iliyo kusini ya Misri, mtumishi katika nyumba ya watu wengine. Sisi tunaoishi kwa kibali cha nchi si yetu tusipite haraka mahali hapa. Mgeni alikuwa na kitu cha kutoa.

Mfalme akampa watu 30. Kamba zilikuwapo. Kwa haraka ya siku ile, mtu mwingine angekimbia na kamba moja kwa moja shimoni. Ebedmeleki alipita kwanza katika chumba kilichokuwa chini ya hazina, akachukua humo matambara na nguo zilizochakaa. Hakuyarusha matopeni, aliyashusha kwa kamba. Kisha akamwelekeza nabii ayaweke chini ya makwapa, kamba zipite juu yake. Yeremia akafanya hivyo, wakamvuta akatoka.

Fikirini jambo hilo alilolifikiri. Mtu aliyedhoofika kwa njaa, amekwama katika matope, anavutwa na watu wengi kwa kamba: ngozi yake ingechubuka yote. Ebedmeleki alimwona Yeremia kwapani kabla hajamwona usoni. Hazina ilikuwa juu ya chumba kile, lakini dhahabu isingemsaidia nabii siku ile. Alihitaji matambara, na alipewa matambara pamoja na maelezo ya kuyatumia.

Basi kitu kuchakaa si kosa. Sisi hatukukosea kwa kutoa kibodi za zamani, bali kwa kutofikiri hata kidogo juu ya makwapa ya atakayepokea.

Tulichokikuta tuliporudi

Tulituma ndugu watatu kule, pamoja na fundi mmoja kijana wa kwetu, wakae siku nzima na mwalimu yule. Walimwaga magunia juu ya turubai na kuchambua kimoja kimoja. Habari waliyoleta ilitushangaza, kwa hiyo tunaieleza kirefu, maana wengi wenu mna vitu kama hivi majumbani au mtapewa.

Kati ya kibodi 18 zilizohesabiwa kuwa mbovu, zilizokufa kweli zilikuwa 7 tu. Sita zilikuwa nzima kabisa, ila waya wake huishia katika kichwa cha mviringo chenye vijiti vidogo sita. Kichwa hicho kililetwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, na kwa miaka mingi ndicho kilichotumika: cha zambarau kwa kibodi, cha kijani kwa kipanya. Tangu mwaka 1996 kikaja kile cha bapa kiitwacho USB, na kompyuta nyingi za sasa hazina tena tundu la mviringo. Kompyuta tatu za tawi letu ni za namna hiyo. Tungeuliza swali moja tu kabla ya kufunga gunia, tungejua. Kuna viunganishi vidogo vya kugeuza mviringo kuwa bapa, lakini vile vya bei ndogo kabisa hufanya kazi tu kwa kibodi iliyotengenezwa kukubali namna zote mbili. Vyenye chipu ndani hukubali karibu zote. Na mwenye kompyuta ya zamani yenye tundu la mviringo azime kompyuta kwanza ndipo achomeke, kwa sababu tundu lile halikutengenezwa kwa kuchomekwa kompyuta ikiwa inawaka.

Vipanya navyo vilikuwa na hadithi yake. Kati ya 24 vilivyokataliwa, 9 vilikuwa vile vya mpira, navyo vilikuwa vichafu tu. Kipanya cha namna hiyo kina mpira tumboni. Mpira ukizunguka huzungusha vigurudumu viwili vyembamba, kimoja cha kwenda kulia na kushoto, kimoja cha juu na chini. Uchafu wa meza hujiviringisha kwenye vigurudumu mpaka unakuwa kama pete nyeusi, ndipo mshale katika skrini huanza kurukaruka. Dawa yake ni kuzungusha kile kifuniko cha chini, kutoa mpira, kuusafisha kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kukwangua vigurudumu kwa kijiti cha kiberiti, na kurudisha ukishakauka. Dakika tano. Vipanya 9 vikafufuka siku hiyo, na watoto wa kule wakapiga makofi kwa kila kimoja.

Vitano vingine vilikuwa vya kichwa cha mviringo. Vitatu vilikuwa visivyo na waya, na kile kijiti kidogo cha kupokea mawimbi hakikuwapo. Kipanya cha namna hiyo bila kijiti chake ni sawa na kitasa bila ufunguo. Mkiwa nacho, bandikeni kijiti kwa plasta kwenye tumbo la kipanya na mtoe betri, maana betri iliyosahaulika huvuja na kula vyuma. Saba vilikuwa vimekufa.

Tuongeze neno juu ya vile vyenye mwanga mwekundu chini. Ndani yake mna kamera ndogo sana inayopiga picha za meza zaidi ya mara elfu kwa sekunde moja na kuzilinganisha. Juu ya kioo, au meza iliyong'arishwa sana, haioni tofauti ya picha, nacho hukaa kama mgonjwa. Weka karatasi au kipande cha katoni chini yake kabla hujasema kimeharibika. Kipanya cha kwanza kabisa, kile alichobuni Douglas Engelbart na kutengenezwa na Bill English huko California mwaka 1964, kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili. Maseremala wetu wamefurahi kusikia hayo.

Herufi zilizotusumbua

Zimebaki kibodi 5 ambazo hatujazitaja, nazo ndizo zilizotufundisha zaidi.

Mwalimu alikuwa ameziweka katika rundo la wagonjwa kwa sababu mtoto akiandika „watu” skrini inaonyesha „zqtu”, na akiandika „mama” inaonyesha alama na herufi ambazo hazina maana. Alidhani zimeingiwa na maji. Lakini ndugu yetu mmoja, aliyekuwa karani huko Bukavu kabla ya kukimbia, aliziangalia akacheka mpaka akatokwa machozi. Zilikuwa klavye za kwao. Mstari wa juu wa herufi huanza na A, Z, E, R, T, Y, kama tulivyozoea wengi wetu tuliojifunza kwa Kifaransa katika Kongo na Burundi. Hapa Uganda shule hutumia zile zinazoanza na Q, W, E, R, T, Y, mpangilio uliotokana na mashine ya kuandikia ya Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874.

Wengi hawajui jambo hili: kibodi haipeleki herufi. Inapeleka namba ya mahali ulipobonyeza tu. Kompyuta ndiyo inayoamua mahali hapo paitwe herufi gani, kulingana na lugha iliyopangwa ndani yake. Herufi iliyochapwa juu ya kibonye ni rangi tu. Kwa hiyo klavye ya Ubelgiji iliyochomekwa katika kompyuta iliyopangwa Kiingereza haijaharibika. Ni kama mtu anayezungumza lugha yake mahali wanapotarajia nyingine, naye akahesabiwa kuwa mjinga. Nani kati yetu hajawahi kukaa katika mstari wa ofisi akahesabiwa hivyo?

Njia ziko mbili. Unaweza kubadilisha mpangilio ndani ya kompyuta, katika sehemu ya lugha na kibodi, ukachagua Kifaransa cha Ubelgiji au cha Ufaransa. Hiyo miwili ina herufi zile zile, lakini alama nyingi hazikai mahali pamoja, basi jaribuni kwanza. Au unaacha kompyuta kama ilivyo, unakata vipande vidogo vya karatasi, unaandika herufi mpya kwa kalamu na kuzibandika kwa plasta inayoonyesha: A na Q zibadilishane, Z na W zibadilishane, M ihame kutoka kulia kwa L kwenda karibu na N, na alama kadhaa zifuate. Vijana wengine walipendekeza kung'oa vibonye na kuvibadilisha. Inawezekana, lakini katika kibodi nyingi kila mstari una mwinamo wake, na kibonye kilichohamishwa mstari hukaa kimesimama vibaya na kukwaruza kidole. Karatasi ni bora.

Je, watoto wetu wafundishwe ipi? Tulibishana sana juu ya hili, na wazee hawakukubaliana. Anayesoma hapa atafanya mitihani na kutafuta kazi kwa mpangilio wa hapa. Anayetumaini kurudi nyumbani atakutana na ile nyingine katika ofisi ya kwanza atakayoingia. Mama mmoja wa kwaya alisimama akasema kwamba mwanawe ameshasahau njia ya kwenda kisimani kwao, asisahau na herufi. Tukaamua kila darasa liwe na klavye mbili za mpangilio wa kwetu, zisibandikwe kitu, na kila mwanafunzi afanye mazoezi ya juma moja juu yake kabla ya kumaliza. Sisi tunaona uamuzi huo ni mzuri. Asiyeridhika na aje tuzungumze.

Mkate wenye ukungu wa Wagibeoni

Vitu vichakavu katika Biblia vina hadithi nyingine isiyo ya sifa. Wagibeoni walikuja kwa Yoshua na magunia makuukuu juu ya punda, viriba vilivyoshonwashonwa, viatu vyenye viraka, na mkate mkavu wenye ukungu, ili waonekane wametoka mbali. Kila kitu kilichokuwa juu ya punda wale kilisema uongo. Israeli wakaamini walichokiona, wala hawakumwuliza Bwana.

Gunia letu lilisema uongo pia, ingawa hatukukusudia. Lilisema „vifaa vya kompyuta” na ndani mlikuwa na vifaa nusu na takataka nusu. Ebedmeleki hakumwambia Yeremia kwamba matambara yale ni kamba. Kamba ilivuta, tambara likazuia kamba isikate ngozi, kila kimoja kikaitwa jina lake. Kwa hiyo tumeamua kwamba kila kitu kitakachotoka stoo ya kanisa kitafungwa kikaratasi chenye maneno machache: kimejaribiwa siku gani, kichwa cha waya ni cha namna gani, mpangilio wa herufi ni upi, na kibonye kipi hakifanyi kazi. Kujaribu ni rahisi. Fungua programu yoyote ya kuandikia na ubonyeze vibonye vyote kimoja kimoja, pamoja na namba za upande wa kulia. Ukikuta vibonye vingi vimekufa pamoja kama majirani wa mtaa mmoja, mara nyingi ni zile njia za umeme katika karatasi za plastiki za ndani zimekatika au zimeliwa na chai, na hapo hakuna la kufanya. Kibonye kimoja kikigoma peke yake, huenda ni uchafu tu.

Hata kibodi yenye kasoro ndogo ina kazi, mradi isemwe ilivyo. Laptopu ambayo vibonye vyake vimekufa huokolewa na kibodi ya USB ya kuchomeka. Simu nyingi za Android hukubali kibodi kwa kutumia waya mfupi uitwao OTG, na binti mmoja wa mtaa wetu anaandika hivyo kazi zake zote za shule, simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa. Hata zile 7 zilizokufa kabisa hatukuzikatia tamaa zote. Tatu zimekuwa ubao wa mazoezi ya vidole siku zisizo na umeme wa jua. Herufi F na J zina kinundu kidogo ambacho kidole cha shahada hukitambua bila macho, na mtoto aliyezoea vinundu hivyo juu ya kibodi iliyokufa huandika bila kuangalia atakapokaa mbele ya iliyo hai. Juu yake tumeandika kwa rangi: IMEKUFA, YA VIDOLE.

Moto nyuma ya nyumba

Sasa tunakuja kwa wazazi, na hapa hatutanii.

Ndugu zetu walipokuwa kule walikuta nyuma ya darasa jivu na mabaki ya waya. Watoto watatu walikuwa wamekata waya za vipanya vyetu na kuzichoma ili wapate shaba ya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mkubwa wao alikuwa na miaka kumi. Waya ya kipanya kimoja ina gramu chache tu za shaba nyembamba kama nywele. Ganda lake mara nyingi ni plastiki yenye klorini, na likiungua hutoa moshi wa asidi unaochoma kifua, pamoja na sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa mwilini miaka mingi. Vibao vya ndani vya vifaa vya zamani vimeunganishwa kwa risasi. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi hayo katika vifaa vipya tangu Julai 2006, na vingi vinavyotufikia ni vya kabla ya hapo. Risasi huharibu akili za watoto wadogo.

Kwa hiyo zawadi yetu iliwafikia watoto wale kama moshi. Hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili kuliko ile barua.

Wala si sisi peke yetu. Taarifa ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2024 inasema dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyoandikishwa kuwa imekusanywa na kutumiwa tena ipasavyo. Mataifa yaliyo katika Mkataba wa Basel, uliofanywa mwaka 1989, yamekubaliana kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivushwe mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali. Katika kanuni hizo, kuonyesha kwamba kifaa kimejaribiwa na kinafanya kazi ni sehemu ya kukitenga na taka. Kikaratasi chetu cha stoo ni mdogo wake kanuni hiyo.

Tunawaomba basi: vifaa vilivyokufa visichomwe, visitupwe chooni wala katika shimo la karibu na maji, na watoto wanaovigusa wanawe mikono kabla ya kula. Vileteni kwetu. Tutavitunza katika pipa kavu na kuwapa mafundi wanaotoa vipuri. Vya wenzetu ng'ambo ya bonde tumeshavirudisha, kilo kwa kilo, kwa mabega yetu.

Kukataa kwa heshima

Wengine watauliza kama maskini ana haki ya kuchagua. Mchagua jembe si mkulima, tumeambiwa hivyo tangu utoto. Lakini mkulima akipewa mpini usio na jembe, atalima kwa nini?

Malaki aliwakemea makuhani waliomletea Mungu wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, akawaambia wajaribu kumpelekea mtawala wao zawadi ya namna ile waone kama ataipokea. Ni kipimo kizuri. Kibodi hii unayotaka kuipeleka tawini, je, ungeiweka juu ya meza ya kamanda wa makazi? Kama ungeifuta kwanza kwa ajili yake, basi ifute. Kama usingethubutu, kwa nini mwalimu wa tawi aione?

Na anayepokea naye aruhusiwe kusema. Mwalimu yule alituambia baadaye kwamba barua yake aliandika mara nne, akiogopa tutaudhika na kutomsaidia tena. Hofu hiyo tunaijua sote. Tumeipata katika mistari ya mgao na katika ofisi, mpaka tumeileta kanisani. Tumemwomba msamaha mbele ya kusanyiko lake, na tumekubaliana kwamba kabla ya kutuma kitu chochote tutampelekea orodha, naye ataweka alama kwa anavyovitaka. Mara ya kwanza aliweka alama kwa vitu vitano tu. Tulifurahi kuliko tulivyofurahi siku ya magunia.

Maswali ya kikundi: Je, umewahi kupokea kitu ambacho kilikuumiza kwa jinsi kilivyotolewa? Ulimwambia nani? Katika nyumba yako kipo kitu kichakavu ambacho mtu fulani, unayemjua kwa jina, anakihitaji? Ungelazimika kukifanyia nini kwanza?

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, baada ya maombi ya asubuhi, tutakuwa na siku ya kusafisha na kujaribu, chini ya mwembe wa kanisa. Leteni vipanya na kibodi mlivyonavyo, vizima na vibovu, na kila mtu aje na mswaki wa zamani, kitambaa safi na sabuni kidogo. Vibonye vikiong'olewa kuoshwa, choreni kwanza katika karatasi kila kimoja kilikaa wapi, maana mwaka jana tulimaliza jioni nzima tukitafuta mahali pa herufi P. Vikaushwe kivulini mpaka kesho yake, si juu ya bati, jua hupinda plastiki. Fundi wetu atakuwapo na kompyuta mbili za kujaribia, moja yenye tundu la mviringo na moja ya USB.

Wale vijana wanne wa magunia wamesema watabeba tena. Safari hii ni kikapu kimoja.